Daktari Aliyefungwa Kamba

Hakuna mwendesha toleka hata mmoja wa mtaa wa Mangobo, Kisangani, aliyekubali kumpakia abiria aliyefungwa kamba. Papa Lambert aliwasihi waendesha baiskeli wote waliokuwa wakingoja wateja pale sokoni, nao wakageuza nyuso kama vile hawakusikia. Mwishowe aliazima baiskeli ya jirani, akamkalisha binti yake Claudine kwenye kiti cha nyuma, akashika usukani na kuisukuma kwa miguu kuelekea hospitalini. Mkewe, Mama Virginie, alitembea ubavuni akimshikilia Claudine mgongoni asianguke. Mbele yao, kama kiongozi wa maandamano, alikwenda Alphonse, kaka mkubwa wa Lambert, amevaa koti lake la kanisani katika jua lile, akiwaeleza watu wa njiani mambo ambayo hawakuuliza.

"Iko mugonjwa ya kichwa," alisema kila hatua. "Mutuombee."

Virginie angependa ardhi ipasuke immeze. Claudine alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na nusu ya watoto wa mtaa alikuwa amewashika mkono kuwafundisha herufi. Sasa walisimama kando ya barabara wakimtazama mwalimu wao aliyefungwa mikono kwa kamba ya mbuzi. Msichana mmoja, kwa mazoea tu, akamwamkia, "Bonjour, madame!" Claudine akainua kichwa. "Bonjour," akajibu, kwa sauti yake ileile ya darasani. Hapo ndipo Virginie aliposhindwa kujizuia, akalia njia nzima iliyobaki.

Alphonse alikuwa amekwisha kupanga mambo. Kama hospitali itashindwa leo, kesho asubuhi Claudine atavushwa mto kwa pirogi mpaka Lubunga, kwenye nyumba ya maombi ambako wagonjwa wa kichwa hufungwa mguu kwenye gogo hadi pepo achoke. Virginie aliwahi kupita pale. Alimwona mwanamke wa rika lake akifukuza nzi kwenye kifundo cha mguu, pale mnyororo ulipokula nyama, na mwanamke huyo akamwomba maji kwa adabu, kama mtu yeyote mzima. Tangu hapo Virginie alipata jambo moja tu la kumwomba Mungu, nalo ni kwamba mwanawe asiuvuke ule mto.

Lakini angemzuia vipi Alphonse? Tangu vita vya siku sita vya mwezi wa Juni, majeshi mawili ya wageni yalipokuja kugombania mji usio wao na kurushiana makombora juu ya mabati yetu, Claudine hakuwa yule waliyemjua. Mchana alikaa kimya. Giza lilipoanza kuingia, nyumba ikijiandaa kwa usiku, alishtuka ghafla, akamrukia aliye karibu, akamwangusha sakafuni na kumkandamiza kwa mwili wake wote. Juzi alimwangukia Exaucée, mdogo wao wa mwisho, hadi mtoto akatoka damu puani. Alphonse akatoa hukumu, kwamba pepo aliyeko ndani ya Claudine anatafuta roho ya mtoto. Kamba ya mbuzi ilitoka nyumbani kwake.

Mlinzi wa hospitali aliwatazama kupitia nondo za geti bila kulifungua.

"Hapa tunapokea batu ya bombe na ya malaria," alisema. "Ya wazimu, hapana."

Papa Lambert akavua kofia. Alikuwa fundi seremala, mtu mwenye jina lake mtaani, na sasa alisimama mbele ya kijana wa umri wa wanawe akiikunjakunja kofia mikononi. "Mwanangu, tusaidie. Tumetoka mbali na miguu."

Mlinzi akaangalia kofia ile, akaangalia kamba, akalivuta geti likafunguka. "Bon. Kuko mama mumoja kule nyuma, Docteur Kanyere. Anafundisha badocteur badogo hii mambo ya kichwa. Mujaribu kwake. Lakini mupite pembeni, musitishe bagonjwa."

*

Jengo la nyuma lilikuwa limepoteza nusu ya paa mwezi wa Juni, na mahali pa mabati palitandazwa shiti la plastiki lililotoa mwanga wa buluu. Alphonse ndiye aliyetangulia kuchungulia. Alirudi nyuma macho yamemtoka.

"Lambert, turudi," akasema. "Hata badocteur ya hapa iko wazimu."

Ndani, kijana aliyevaa koti jeupe alikuwa ameketi kwenye kiti huku mikono yake imefungwa kamba nyuma ya mgongo. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Msichana mwenye koti kama lake alisimama karibu naye akijitahidi asicheke. Na kando yao, juu ya kigoda, mama mfupi mwenye mvi alikuwa akimenya karanga kwa utulivu kabisa.

"Jérémie, pua inakuwasha?" aliuliza yule mama.

"Sana, docteur."

"Omba Aziza akukwaruze. Kwa heshima."

"Docteur Aziza," akasema kijana, mishipa ya shingo imemsimama, "ninakuomba, pua yangu."

"Ngoja kidogo, niko na kazi," Aziza akajibu, kama alivyofundishwa kujibu.

Huo ndio uliokuwa ufundishaji wa Docteur Kanyere. Alitoka Butembo miaka mingi nyuma, akabaki Kisangani kwa sababu vita vilifunga njia ya kurudi, na katika mji mzima ni yeye peke yake aliyesomea magonjwa ya akili. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakiongezeka kila juma, kwa hiyo aliwaomba wakubwa wake wampe madaktari wachanga ili awafundishe la kufanya mtu anapoletwa akiwa amevurugika akili. Kanuni yake ya kwanza iliwachukiza wote. Hakuna daktari atakayeruhusiwa kuamuru mgonjwa afungwe kamba kabla yeye mwenyewe hajakaa amefungwa asubuhi nzima, akiomba maji, akiomba kukwaruzwa, akiambiwa angoje.

Alipomwona Claudine mlangoni, Docteur Kanyere aliweka karanga chini.

"Aziza, fungua docteur Jérémie," akasema. "Mugonjwa yake amefika."

*

Jérémie alikuwa mtoto wa Lubunga, mrefu, mwenye haya, na mikono yake ilikuwa bado na michirizi ya kamba. Kushona jeraha alikuwa amezoea, hata kukata mguu alikwisha kukata katika zile siku za Juni. Lakini mtu aliyeumwa mahali pasipoonekana alimtia hofu, na aliona haya kuionyesha.

Alifanya kama alivyofundishwa. Alisimama pembeni ili asimzibie mgonjwa mlango, akaacha mikono yake ionekane, akajitaja jina lake kwanza. Kisha akamuuliza la kwake.

"Claudine."

"Claudine, hii kamba inakuumiza?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu ifungwe. Claudine akaitazama mikono yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Docteur, usifungue!" Alphonse akadakia. "Mimi nilimufunga, mimi najua nguvu yake. Atakuua."

"Papa, keti," Docteur Kanyere akasema, na kwa jinsi alivyosema, Alphonse akajikuta ameketi.

Jérémie akafungua kamba. Hakukutokea lolote. Claudine alijikanda vifundo vya mikono, akapewa maji, akanywa. Akaulizwa kama anaumwa kichwa, akajibu. Akaulizwa kama amekula, akasema hana hamu. Virginie alianza kupumua. Jérémie naye alianza kuvimba kichwa kidogo, maana mambo yalikuwa yakienda kama kitabuni, na mwalimu wake alikuwa akitazama. Akamwonyesha Claudine kitanda cha chuma kilichokuwa ukutani.

"Muzuri sana. Sasa nitakupima. Kuja, dada. Lala hapa."

Claudine aliruka. Kichwa chake kilimpiga Jérémie ubavuni, wakaanguka wote wawili juu ya saruji, na kabla daktari hajajua kilichompata alikuwa amelala kifudifudi na mwanamke juu yake. Alphonse alikuwa amekwisha kusimama akipiga kelele, "Munaona? Munaona? Hivi hivi ndivyo alifanya kwa mutoto!" Akamkamata Claudine nywele na kumvuta. Claudine alilia kilio kibaya. Nguo yake ilipanda hadi mapajani mbele ya watu wote, na Virginie akavua kitambaa chake cha kichwa akamfunika, akimsukuma shemeji yake kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Papa Alphonse, muachilie," alisema Docteur Kanyere. Hakupaza sauti. "Nywele si kishikio ya mulango."

Walimkalisha tena. Alitulia. Kwenye mdomo wa Jérémie palikuwa na damu. Lambert aliinamisha kichwa. Alihesabu moyoni kwamba mambo yamekwisha, kwamba kesho ni pirogi.

Aziza alikuwa na wazo lake. Alikulia Kinshasa, na alikuwa amesikia mengi kuhusu wanajeshi waliopita mitaani wakiamrisha watu kwa Kiswahili. Labda ndicho kinachomtisha huyu dada, alifikiri. Wazo halikuwa baya. Akachuchumaa mbele ya Claudine na kumsemesha kwa Kilingala, kwa sauti laini ya mtu anayebembeleza.

"Kobanga te, leki na ngai. Usiogope, mdogo wangu. Yaka, lala awa. Lala na kimia, kwa amani."

Claudine aliruka tena, na aliyekuwa karibu ni Jérémie yuleyule. Chini wakaenda.

Alphonse akaja mbio na kamba. Lakini safari hii sauti ilitoka sakafuni, imebanwa, karibu ya kuchekesha.

"Acheni! Musimuguse! Niko muzima!"

Kwa kweli hakuwa na uhakika kama ni mzima. Lakini akiwa pale chini, shavu limegandamizwa kwenye saruji, Jérémie aligundua kitu ambacho aliyesimama asingeweza kukijua. Claudine hakuwa akimpiga. Kiganja chake kimoja kilikuwa kimefunika kisogo cha Jérémie, na kingine kimeziba sikio lake. Mwili wake ulikuwa umetandazwa juu yake vizuri kutoka mabegani hadi miguuni, kama mtu anavyofunika chakula. Na alikuwa akimnong'oneza.

"Usiinue kichwa. Ingine inakuya. Usiinue kichwa."

Jérémie hakuinua. Katika zile siku sita alikuwa amejibana chini ya meza ya maabara na wauguzi na wagonjwa, na alizijua sentensi zile. Alizisema mwenyewe.

"Docteur," akasema kutoka pale chini, "hataki kuniua. Ananificha."

Plastiki ya paa ilipigwa na upepo. Docteur Kanyere akaja, akaketi sakafuni karibu nao, mifupa ya magoti ikimlia.

"Claudine," akasema, "iko mwezi wa nane. Tuko hospitali. Unasikia kelele gani?"

"Plastiki," Claudine akasema hatimaye.

"Ndiyo. Iko plastiki."

Mikono ikalegea. Jérémie akatoka taratibu, akaketi na yeye, koti lake limekuwa tambara.

*

Kilichobaki walikisema Virginie na Lambert, kwa zamu, mmoja akishindwa mwingine akipokea. Siku ya tatu ya mapigano walikuwa wote kwenye ukumbi wa nyumba. Lambert alisikia mluzi wa kombora unakuja, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Lala! Bote, lala chini!" Claudine alilala. Mdogo wake aliyemfuata, Benie, alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, akifunika ndoo ya maji. Benie aligeuka kuuliza baba amesema nini, na kombora likamkuta bado amesimama.

Tangu siku ile Claudine hakuwahi kulitaja jina la mdogo wake.

"Na jioni, nyumbani," Docteur Kanyere akauliza, "kabla ya kushikwa, munamuambia nini?"

Virginie alifungua kinywa kujibu, kisha akakifunika kwa mkono. Ni yeye. Kila jioni alikuwa akizunguka na kibatari, akimpapasa kila mtoto kichwani na kumwambia neno lilelile. Lala, mwanangu. Lala, Exaucée. Claudine, na wewe lala. Alikuwa akidhani anambembeleza. Na Kilingala cha Aziza hakikuweza kuokoa kitu, kwani neno hilo katika mji wetu halina mlango wa pili. Kwa Kiswahili ni lala, kwa Kilingala ni lala.

Alphonse aliguna. "Sasa tunasema kuko démon ya vocabulaire, pepo ya maneno?"

"Hapana démon, papa," Docteur Kanyere akamjibu bila hasira. "Kuko kidonda. Ile neno inagusa palepale. Kwanza tutaificha. Tutamupa na dawa kidogo, apate usingizi, maana mutu bila usingizi hawezi kupona. Kisha tutairudisha polepole, kwa sababu hawezi kuishi Kisangani miaka yote bila kuisikia." Akamgeukia Claudine, maana ilikuwa desturi yake kutowasema wagonjwa mbele yao kana kwamba ni viti. "Na wewe mwalimu, utupe neno ingine. Jioni mama akuambie nini?"

Claudine alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

"Pumuzika," akasema.

Baadaye, walipobaki madaktari peke yao, Docteur Kanyere alimuuliza Jérémie alijuaje. Jérémie akapangusa mdomo. Angeweza kutia chumvi, na Aziza alikuwa akisikiliza.

"Sikujua, docteur. Nilishindwa tu kusimama."

Docteur Kanyere alicheka hadi akatafuta kigoda.

*

Claudine alilazwa kwenye mkeka, pembeni mwa mama yake, na kwa sindano ndogo na neno lake jipya alipata usingizi hadi jua likatoka. Asubuhi Alphonse alifika, koti lilelile, kamba imekunjwa kwapani. Pirogi ilikuwa ikingoja ufukweni, akasema, na mwenye pirogi si mtu wa kungojesha.

Lambert alisimama. Baba yao alipofariki, ni Alphonse aliyemsomesha useremala, ni Alphonse aliyemwozesha, ni Alphonse aliyempa kiwanja. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia kaka yake hapana. Alipotaka kukataa alisema "tutaona". Virginie alikuwa akimtazama. Alilijua lile "tutaona", na alilingoja kwa uchungu.

"Yaya," Lambert akaanza, akimwita kwa jina la heshima la kaka mkubwa. "Yaya, maombi sikatai. Muombe hapa. Lakini mutoto havuki muto."

"Unanitia haya mbele ya batu."

"Ndiyo, yaya. Unisamehe. Lakini havuki."

Wagonjwa wa chumba kizima walikuwa wameacha uji wao wakisikiliza. Alphonse alisimama hapo, mrefu, amekasirika, na ukweli ni kwamba chini ya hasira aliogopa, kwa kuwa na yeye alimpenda Benie na hakuwa na namna nyingine ya kupigana. Aliiweka kamba chini ya kiti. Akafumba macho, akaomba kwa sauti ya chini, kwa ufupi kuliko kawaida yake, akamaliza.

"Amina," akasema Claudine.

Alphonse akatoka bila kuaga. Siku kadhaa hakukanyaga nyumbani kwao. Virginie aliusikitikia utovu wake wa adabu kwa shemeji, lakini si sana.

*

Kulificha neno kulikuwa kazi. Lilikuwa limezagaa nyumbani kuliko walivyodhani. Watoto walitumwa "kufunga macho". Kuku hawakulala tena, "waliingia". Virginie alijishika ulimi mara kwa mara, na Exaucée, aliyeona yote hayo ni mchezo, alimkemea yeyote aliyekosea. Jioni mbili tatu Claudine alishtuka kwa sababu nyingine, mlango uliogongwa, sufuria iliyoanguka, lakini Lambert alijifunza kuketi karibu naye sakafuni na kumuuliza anasikia kelele gani, hadi aseme mwenyewe kwamba ni sufuria. Alirudi shuleni nusu siku. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao katika darasa lake, wengine hawakuwatoa.

Docteur Kanyere alidai kwamba daktari asiyemfuata mgonjwa hadi kwake hajamaliza kazi, kwa hiyo Jumapili moja asubuhi Jérémie alifika Mangobo kwa toleka, koti limefuliwa. Familia yote ilikuwa uani wakimenya mihogo. Alikuwa na furaha, alikuwa na haraka, na alikuwa amelelewa vizuri na mama yake huko Lubunga. Akawasalimu kama mtu yeyote mwenye adabu anavyosalimu asubuhi.

"Bonjour, papa, mama! Mulilala muzuri?"

Kisu cha Virginie kikasimama. Exaucée akaziba mdomo. Jérémie alisikia alichokisema baada ya kukisema, na uso ukamshuka. Mafunzo yote yale, kamba yote ile, na ni yeye.

Claudine alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa umekwisha kufika kichwani kwa Exaucée, vidole vimetanuka juu ya kisogo cha mtoto. Hakuna aliyemgusa. Alitazama uani, akatazama mihogo, akamtazama daktari aliyeganda kwenye lango. Kisha mkono ukaanza kupapasa nywele za Exaucée, taratibu.

"Docteur," akasema, "hapa kwetu ile neno iko ya kukatazwa."

"Unisamehe, dada."

"Lakini ndiyo. Nililala muzuri."

Lambert alicheka, akalia, akacheka tena bila kujali nani anamwona. Claudine hakucheka. Aliendelea kusimama, akiwa na uso wa mtu anayeinua kitu kizito na hajui kama atafika nacho. Virginie alijua kinachokuja kabla hakijaja, maana alikuwa amekingoja tangu Juni, na amekiogopa vilevile.

"Mama," Claudine akauliza, "Benie mulimuzika fasi gani?"

Virginie akaweka kisu chini. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akamshika bintiye mkono.

"Hapa nyuma ya nyumba, mwanangu. Bombe ilikuwa inanguka, hatukuweza kufika mbali. Kuja, nitakuonyesha."

Wakazunguka pembe ya nyumba polepole, mkono kwa mkono, na Exaucée akawafuata. Jérémie alitaka kwenda nao, kisha akaona si mahali pake, akaketi kwenye kiti alichopewa. Lambert aliingia ndani kutafuta jembe, kwa sababu majani yalikuwa yameota sana kule nyuma, na hakutaka Claudine amkute mdogo wake katika hali ile.